Nilisifu Gari Kanisani, Nikamwaibisha Rafiki Yangu Ukweni

Nilisema uongo kanisani. Nilisimama mbele ya waumini nikiwa na maikrofoni mkononi, nikatoa ushuhuda juu ya gari nisilolijua, na uongo ule ukamwangukia rafiki yangu siku aliyohitaji ukweli kuliko siku nyingine yoyote. Msinitafutie udhuru. Mimi mwenyewe nimeutafuta nikaukosa.

Ninaishi Kawangware 46. Hapa mtaani mimi ndiye mtu wa kuuliza maswali. Jirani akitaka kununua godoro, ananiita nilibonyeze. Mtu akitaka kupanga nyumba, naenda naye kufungua mifereji nione kama maji yanatoka, na kukagua dari kama ina alama za maji. Wauza mitumba wakiniona wanazificha zile suruali zenye zipu mbovu. Hivyo ndivyo nilivyojijua: mtu asiyedanganyika.

Kisha nikadanganywa na kijana mwenye viatu vilivyochongoka, tena mchana kweupe!

Nitamwita Denno. Anauza magari madogo yaliyotumika Japani, na langu lilikuwa jeupe, la mviringo kama yai. Denno alinizungusha akitumia maneno ambayo baadaye niliyakuta kwenye karatasi ya matangazo, neno kwa neno, kana kwamba kampuni ilikuwa imemmeza na kumtapika pale yadini. Lita moja ya petroli ingenitoa Kawangware hadi Athi River. Lingebeba watu watano na mizigo yao. Injini isingechemka, kwa sababu Wajapani nao wana milima. Nilipowasha, sauti ya mwanamke ilisema kitu kwa Kijapani kutoka kwenye dashibodi. Nikauliza anasema nini.

"Anakukaribisha, boss," Denno akasema.

Na mimi, mbonyeza magodoro, nikatabasamu. Sikufungua boneti. Sikuomba kulipeleka mlimani. Nililizungusha ndani ya yadi, mahali palipo tambarare kama meza, nikashuka nikisema nimeridhika.

Kanisani kwetu gari jipya huombewa. Mchungaji hupaka mafuta kwenye boneti, waumini hunyoosha mikono, halafu mwenye gari hupewa nafasi ya kushuhudia. Ningeweza kusema asante Mungu nikaketi. Watu wenye akili hufanya hivyo. Lakini nilipoona nyuso zote zimenigeukia, nilisahau kwamba nilikuwa nimeliendesha kutoka yadini hadi nyumbani, na kutoka nyumbani hadi kanisani, basi. Nikaanza kuyamwaga maneno ya Denno kama yangu. Nikaongeza na ya kwangu.

"Hili gari halinywi petroli," nilisema, "linaonja tu!"

Kanisa lilicheka, likapiga makofi. Nikaendelea. Nilisema mlima kwalo ni sawa na uwanja. Nilisema buti lake la nyuma linameza mbuzi mzima. Kumbukeni hilo la mbuzi. Denno mwenyewe alikuwa amesimama karibu na mlango, ameinua simu anarekodi. Nilidhani amekuja kuabudu.

Baada ya hapo gari lilianza kunifundisha adabu. Lilikuwa haliinywi petroli wala haliionji, lilikuwa linaifakamia. Ukipita tuta la barabarani, tumbo lake lilikwaruza lami kwa sauti ya sufuria inayosuguliwa. Kutoka mtaa wa Lindi, hapa hapa mjini, kupanda kuelekea Olympic nilizima kipoza hewa, nikazima redio, na bado wapita njia walitutangulia wakitutazama kwa huruma, na wengine wakarudi kutusukuma. Siku moja mama aliyebeba ndoo ya maji alitupita. Alinisalimia akiwa anatupita!

Mke wangu, Mama Ndunge, hakuwa na subira na upuuzi huo. Aliniambia nirudi kanisani niseme ukweli, kwa sababu watu walikuwa wanauliza habari za gari lile na mimi nilikuwa naendelea kujibu kama kasuku wa Denno. Nilimwambia ushuhuda si bei ya nyanya, huwezi kuubadilisha wiki ijayo. Nikikana gari, watasema nimekana baraka.

"Baraka gani ya kusukumwa?" akaniuliza.

Nilikuwa na kiburi tu, na kitambaa cha kung'arishia boneti.

Sasa niwaambie kuhusu Musau. Musau ni seremala huko Lindi, mtu wa kwetu Kitui, na alikuwa rafiki yangu tangu tulipofika mji huu tukiwa hatujui kuvuka barabara. Alikuwa anataka kumwoa Kalondu, ambaye kwao ni juu milimani Iveti, upande wa Machakos. Sisi Wakamba tuna ntheo: mbuzi watatu ambao mwanamume huwapeleka kwa wazazi wa msichana. Mbuzi hao wasipopokelewa, hata mkiishi pamoja mpaka mzeeke, kwao hujaoa.

Na wajomba wa Kalondu walikuwa tayari wamemkunjia uso Musau. Walisema wazi kwamba hawakumlea binti yao akakae Lindi kwenye chumba cha mabati na mtu wa randa na misumari. Walikubali kumwona mara moja. Musau alijua kwamba siku hiyo ingepimwa kila kitu: viatu vyake, wazee wake, namna atakavyofika.

Mwenye karakana anakofanyia kazi alikuwa amekubali kumwazima pikapu kuukuu ya kubebea mbao. Niliposikia hivyo, nilicheka. Ndiyo, nilicheka! Nilimwuliza kama anaenda kuposa au kupeleka mbao za jeneza. Nikamwambia nitampeleka mimi, kwa gari lililoombewa.

Musau si mtu wa maneno mengi.

"Niambie ukweli, ndugu yangu," akasema. "Hiyo gari yako inapanda mlima? Kule Iveti si mchezo."

Hapo ndipo pa kosa langu. Mengine yote ni vumbi lake. Nilikuwa najua jibu. Nilikuwa nimelipata kwa magoti ya wapita njia walionisukuma. Ningesema hapana, angechukua pikapu, na leo nisingekuwa naandika.

"Inapanda kama mbuzi mwenyewe," nikasema.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Mbele aliketi Mzee Kilonzo, baba yake mdogo Musau, aliyevaa suti yake ya pekee. Nyuma waliketi Musau na shangazi yake. Mbuzi walikuwa wamenunuliwa Machakos. Majike wawili walitangulia kwa bodaboda, wamefungwa vizuri, wakiangalia mandhari. Beberu naye alipaswa kupanda bodaboda ya pili. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kushuhudia habari za buti, sivyo? Nikasema beberu wa ntheo hawezi kufika kama gunia la mkaa, aingie garini. Tukamfunga miguu, tukamlaza. Kisha nikarudisha kile kifuniko cha juu ya buti, ili gari lionekane nadhifu tukifika. Nadhifu!

Tambarare ilikwenda vizuri. Nilipiga hadithi. Tulipoanza kupanda, hadithi zikaisha. Mshale wa joto ulianza kuinuka. Nikazima kipoza hewa. Mshale haukusikia. Nikakumbuka kwamba ukifungulia hewa ya moto ndani, injini hupumua kidogo, nikaifungulia yote. Hewa kama ya tanuri ikatupiga usoni. Tulishusha vioo. Mzee Kilonzo alilegeza tai. Mwanamke wa Kijapani akaanza kuzungumza kwenye dashibodi, mara moja, mara mbili, kisha bila kupumzika.

"Huyu mama anasema nini?" Mzee akaniuliza.

"Anatukaribisha, mzee."

Beberu alikuwa analia huko nyuma. Shangazi alisema tusimame tumpe hewa. Nilikataa, kwa sababu nililijua gari langu: likisimama kwenye mlima ule haliondoki tena. Sikuwaambia sababu. Nilisema tutachelewa. Baadaye kidogo shangazi akageuza shingo.

"Huyu mbuzi amenyamaza," akasema.

"Amelala," nikasema.

Sioni haya kuwaambia kwamba neno hilo moja linanichoma kuliko ushuhuda wote. Nilijua mbuzi halali kwenye tanuri.

Gari lilizimika lenyewe kabla ya kona ya mwisho, moshi mweupe ukitoka chini ya boneti iliyopakwa mafuta matakatifu. Nyumba ilikuwa inaonekana pale juu, na watu waliotoka kutupokea walikuwa wanatuona vizuri. Walimwona Mzee Kilonzo akivua koti ili asukume. Walimwona shangazi akipanda kwa miguu, ameshika viatu mkononi. Na nilipofungua buti, Musau akiwa amesimama kando yangu, tulimwona beberu, ulimi nje, macho wazi.

Musau hakunipigia kelele. Aliinama akamfungua kamba miguuni, taratibu, kana kwamba angeweza kumwumiza.

"Ulijua," akasema. "Nilikuuliza, na ulijua."

Getini mjomba mkubwa wa Kalondu alitusalimia kwa adabu iliyokuwa mbaya kuliko matusi. Aliwatazama majike wawili waliofika salama kwa bodaboda. Akatazama bonde lote, mpaka pale yai langu jeupe lilipokuwa likitoa moshi. Mzee Kilonzo alijieleza, akaomba tutafute beberu mwingine pale pale kijijini.

"Hapana," mjomba akasema. "Mbuzi wa ntheo huingia hapa kwa miguu yake. Huyu ameingia akiwa amekufa. Leo hatupokei kitu. Rudini mjipange."

Kisha akanigeukia mimi, nikiwa na masizi hadi kwenye viwiko. "Na wewe ndiye msemaji wao?"

Nilikuwa mimi, ndiyo. Nilipaswa kumsemea Musau siku ile. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri kuhusu mtu mwaminifu, anayetimiza anachoahidi. Niliyameza yote. Kalondu alikuwa mlangoni amevaa kitenge kipya. Alimtazama Musau, akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Tulishuka mlima tukivutwa na trekta. Hakuna aliyesema neno ila yule mwanamke wa Kijapani.

Jumatatu nilikwenda kwa Denno. Nilitaka kumrarua. Nilimweleza kila kitu, joto, petroli, mlima, beberu. Alisikiliza akiwa anafuta kioo cha gari jingine, dogo, la mviringo.

"Lakini boss," akasema, "kwani karatasi ilisema mbuzi? Ilisema watu watano."

Kisha akanipeleka ofisini kunionyesha kitu. Ukutani kulikuwa na televisheni, na ndani ya televisheni nilikuwa mimi, na shati langu la zambarau, na maikrofoni, nikisema gari halinywi, linaonja tu. Kanisa lilicheka tena. Wateja wawili waliokuwa wakingoja walicheka pia.

"Mimi siku hizi sisemi mengi," Denno akasema. "Mtu akiniuliza kama ni ukweli, namwonyesha wewe."

Nilimwambia aifute. Akasema ataangalia. Nilimdharau pale, na bado namdharau, yeye na viatu vyake na kila aliyeketi kwenye ofisi yenye kipoza hewa akaandika kwamba injini ya ukubwa wa sufuria ya chai itapandisha familia Iveti. Lakini nilipotoka nje nilikumbuka kwamba Denno alimdanganya mtu mmoja tu. Mimi nilidanganya kanisa zima, na sikulipwa hata kwa kazi hiyo. Denno ana mshahara. Mimi nilikuwa na kitambaa cha boneti.

Jumapili iliyofuata niliomba maikrofoni. Mchungaji aliponong'onezewa ninachotaka, alisema ushuhuda haurudishwi, labda niuweke kama ombi. Nilisema hivyo hivyo. Nilisema gari lile linakunywa, linachemka na halipandi, na kwamba nililijua hilo nikanyamaza. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa mbele, kwa mazoea tu, akasema amina. Musau alikuwa ameketi upande wa pili, kule wanakokaa wapiga vyombo. Hakuinua macho.

Kalondu aling'ang'ania, na baada ya miezi mingi wajomba wake wakalegea. Musau alirudi Iveti na mbuzi watatu wazima. Walikwenda kwa pikapu ya mbao. Niliona picha kwenye simu ya Mama Ndunge: Mzee Kilonzo na suti yake, mbuzi wakiingia getini kwa miguu yao, na mtu mwingine, fundi mwenzake wa karakana, amesimama mahali pa msemaji. Mahali pangu. Mimi sikualikwa, na sikustahili. Nikikutana na Musau njiani Lindi ananisalimia vizuri, kama anavyomsalimia mtu aliyemuuliza saa.

Gari bado lipo, kando ya ploti. Kuku wanalala chini yake, na kwa kazi hiyo linafaa sana. Majirani hawaniiti tena kubonyeza magodoro.

Wewe unayesoma hii ukiwa unafikiria kagari, usisikilize sauti ya yadi. Lipeleke mlimani likiwa limejaa watu. Halafu tafuta mwenye nalo ambaye hana sababu ya kuona haya, umuulize. Na ukiwa wewe ndiye mwenye nalo, na rafiki yako akakuuliza kwa upole kama linapanda, mjibu. Aibu yako ya siku moja ni ndogo kuliko harusi yake.

Na ukiingia yadi fulani ukamkuta mwanamume mwenye shati la zambarau kwenye televisheni, anasifu gari na kanisa linacheka, ni mimi. Usimwamini. Hajawahi kulipandisha mlima.