Vidole Ndani ya Asali

Binti yangu alikuwa na miaka miwili alipotia mkono kwenye karai la mafuta niliyokuwa nikikaangia mikate ya kuuza. Tuliishi Shari, mwishoni mwa miaka ya sabini, na baba yake alikuwa ameenda Tchomia, ziwani, kununua samaki. Nyumbani tulibaki mimi na mama mkwe wangu, na kusema kweli hatukuwa tukiivana.

Nilimkimbiza mtoto hospitali. Muuguzi akauosha mkono, kisha akanifungulia kabati la dawa nijionee mwenyewe: tupu. Enzi zile za Zaire hata bendeji ulikuja nayo. Akaniuliza kama tuna asali safi nyumbani. Tupake hiyo, akasema, kwa kitambaa kilichochemshwa, lakini kila kidole kifungwe peke yake. Nyama mbichi ikigusana hushikana, na mtoto angekua na mkono usiofunguka.

Asali ilikuwa ya mama mkwe. Ilitoka Boga, nyeusi, nzito, naye aliificha chini ya kitanda. Jumamosi alijipaka usoni ili ngozi ing'ae kanisani kesho yake. Siku ile aliimimina bila ubahili, namshukuru kwa hilo. Ila aliukunja mkono wa mtoto ukawa ngumi, akaufunga wote pamoja, kama walivyofunga vidonda kwao Mahagi ili asali isivuje. Nikamweleza maneno ya muuguzi.

"Ule muganga amezaa batoto ngapi?" akasema. "Weye, achia mi huu mukono."

Kwao, mke wa mwana hafungui kidonda alichokifunga mama wa mume. Kukifungua ni kumwita mchawi mbele ya watu, na wanawake walisharudishwa makwao kwa dogo kuliko hilo. Nikamwachia mkono. Nilimchukia, nasema wazi. Nilichagua mchele huku nikiwaza vile vidole vinavyoshikana humo ndani, na damu ilinichemka hata nikashindwa kutofautisha mchele na mawe.

Asubuhi alipokwenda misa nilirudisha mlango, nikafungua kitambaa. Liwalo na liwe. Vidole viwili vya katikati vilikuwa vimeanza kunatana. Nikavitenganisha, mtoto akilia hadi sauti ikamkauka, nami nikilia naye. Nikachana shuka lililochemshwa, nikaanza kufunga kimoja kimoja kwa asali. Kilikuwa kimebaki kidole gumba mlango uliposukumwa. Mama mkwe alikuwa amesahau rozari yake.

Alisimama pale, akatazama kitambaa chake sakafuni. Sikuthubutu kuinua macho. Kisha akaketi, akachukua kipande cha shuka mkononi mwangu, akakifunga kile kidole gumba mwenyewe. Hakulitaja jambo hilo, si siku ile wala zilizofuata. Nilijua anamngoja mwanawe ili anishtaki kwake.

Mume wangu alirudi kidonda kikiwa kimeshafunga. Mtoto akauchomeka mkono wake kwenye kikapu cha samaki, ngozi mpya ikiwa bado nyekundu, vidole vyote vitano kila kimoja peke yake. Baba yake akaushika, akauliza nani alimtibu. Mama mkwe akatangulia kujibu.

"Mi nilifunga vibaya. Vidole vilianza kushikana. Ni mama yake njo alifungua."

Mume wangu akatutazama kwa zamu. Mimi nikaingia jikoni, nikalia kuliko siku ile ya mafuta.