Siku Nilipompima Akili Mzee Bakari Sebuleni Kwake

Aibu nimezipata nyingi, ila ya Woodbridge ndiyo mama yao, na nisipoisimulia mwenyewe Shabani ataisimulia vibaya. Nilitoka Tabora na cheti cha kidato cha nne, nikakaa Durban, nikapika melini, nikabeba mizigo Houston, kila nilipofika nikitamani nilikotoka, hadi miaka ishirini ikapita nikajikuta Silver Spring, Marekani, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwalea. Kazi naijua. (Ndiyo iliyoniponza.)

Wiki hiyo tulikuwa mafunzoni. Mkufunzi alisema watafiti wanachunguza iwapo virusi vya kawaida, kama vya tetekuwanga, vinavyojificha kwenye mishipa ya fahamu na kurudi ukubwani kama mkanda wa jeshi, vina uhusiano na ugonjwa wa kusahau. Akasema pia kwamba bado haijathibitishwa. Mimi nikashika ile sehemu ya kwanza.

Jumamosi Shabani, rafiki niliyekuwa nikiishi naye, akaniomba niwe mshenga wake kwa Rukia, binti wa Mzee Bakari, mtu wa Pangani anayeishi Woodbridge. Sikuwahi kupeleka posa hata moja (niliondoka nyumbani kijana, na mwenyewe sijaoa), lakini nikasema kazi ndogo hiyo. Akanikabidhi barua kwenye bahasha, akanishusha mlangoni, akaenda kunisubiri kituo cha mafuta.

Nikakaribishwa kwa juisi ya ukwaju na sambusa. Bi Zuhura, mke wa mzee, alikuwa kwenye kochi na dada yake. Mzee akauliza, "Haya kijana, umekuja na shida gani?" Nikaeleza vizuri kwamba nimetumwa na Shabani, tumeona ua humu ndani. Akaitikia kwa kichwa, tukaongea habari za baridi na foleni ya barabara ya I-95, kisha akauliza, "Ehe, ulisema umekuja na shida gani vile?" Nikaeleza tena, polepole. Akajikuna ubavuni, akasema mkanda wa jeshi wa mwaka jana bado unamwasha. Halafu, "Sasa mwanangu, hasa umetuletea nini?"

Hapo nikawa kazini. Badala ya kunyamaza nikasogeza kiti, nikamshika mkono, nikapaza sauti kama ninavyofanya zamu ya asubuhi.

"Baba, leo siku gani?"

Akaniangalia. "Jumamosi."

"Tupo jimbo gani?"

"Virginia. Kwani wewe umepotea?"

Bi Zuhura akauliza kulikoni, nami nikamgeukia nikaeleza kwa ufasaha kwamba wasiogope, huku kuuliza-uliza kwa mzee huenda kumeletwa na ule mkanda wa jeshi, wampeleke kwa daktari mapema. (Kwetu ukiutaja mkanda wa jeshi mbele za wakwe, watu huwaza virusi vingine kabisa, vya Ukimwi, na yule dada alikuwa keshashika simu.) Rukia, ambaye ni muuguzi, akatokea jikoni. "Anko, hiyo haijathibitishwa," akasema taratibu. "Na baba yangu ni mzima."

Mzee akafuta vidole. "Mshenga akiulizwa hutoa barua. Nimekuuliza mara tatu, na barua inachungulia hapo kifuani kwako tangu uingie. Sasa kati yetu, nani apelekwe kwa daktari?"

Nikapapasa mfuko wa shati. Ilikuwepo. Yule dada alicheka mpaka akamwaga juisi. Bi Zuhura hakucheka. "Barua ataileta mtu mwingine," akasema, "na huyo Shabani tutamfikiria upya, kama watu wake ndio hawa."

Shabani hakunisemesha wiki mbili, hadi mshenga mwingine alipopokelewa. Yeye na Rukia walioana. Mimi nikabaki naitwa Daktari, kuanzia Woodbridge hadi Silver Spring.

Miaka mitatu baadaye nikaondoka kabisa, narudi Tabora. Shabani alinipeleka uwanja wa ndege pamoja na mkwewe. Garini Mzee Bakari akaniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia. Mlangoni akauliza tena, nikamwambia. Tunaagana, akauliza mara ya tatu. Nikajipapasa mfuko wa shati: safari hii haukuwa na barua. Kama alikuwa ananitania, sijui hadi leo, wala sikumuuliza leo ni siku gani. Nilishaapa kwamba mzee akiniuliza, kazi yangu ni kujibu.

"Tabora, Baba," nikasema. "Naenda nyumbani."