Macho ya Bibi kwenye Picha ya Mlalo

Jamani, leo Bibi ametuumbua.

Ile picha yake ya ujana, aliyopigwa na Babu kule Mlalo enzi za Ujamaa, kila mgeni husifia macho. "Mapenzi hayo," tunasema.

Leo mke wangu kaisifia tena. Bibi akaweka kikombe chini.

"Mapenzi gani? Kijana simjui, kaja na kamera, na huku watu wanahamishwa. Nikajua katumwa kutupeleleza. Hapo namkazia macho nisije nikamsahau."

Sote tukamgeukia Babu.

"Niliona ananishuku," akasema taratibu. "Ndiyo maana kesho yake nilirudi bila kamera."

Bibi hakucheka.

"Lakini mpaka leo hujasema kama ulitumwa."

Babu akaomba aongezewe chai.

Nyie mnaonaje?