Rangi Katika Ndoo ya Bi Mayasa

Bi Mayasa alikuwa haoni, lakini maji aliyajua. Zeyana, mke wa mwanawe, alipomwekea ndoo ya kutawadhia, bibi alichota kwa kiganja akanusa, kisha akasukutua ili aonje. Harufu na ladha alizikagua mwenyewe. Rangi ndiyo aliyomwachia mkwewe, na kila mara alimwuliza, "Safi?" Zeyana alijibu, "Safi, mama." Hapo ndipo mikono ilipoingia majini.

Neno hilo moja ndilo lililokuja kumtoa Zeyana jasho.

Kazi yake ilikuwa kutia nguo rangi. Katika ua wa nyumba ile ya mawe, Mkunazini, alichemsha masufuria ya rangi nyekundu na kuchovya mitandio ya kuuza kwenye maduka ya watalii. Aliianza kazi hiyo baada ya mumewe kwenda Muscat kutafuta maisha na simu zake kuwa za kubahatisha. Maji yaliyobaki aliyamwaga katika shimo la karo, shimo la zamani la maji machafu, pembeni mwa ua. Shimo lile halikujaa hata siku moja. Lilimeza tu, naye akaliona neema. Linapeleka wapi, hakujiuliza, ingawa kisima cha nyumba kilikuwa palepale karibu, na ardhi ya mji ule ni jiwe lenye matundu tele.

Siku aliyovuta ndoo kisimani akakuta maji yamepiga wekundu kama ya kuoshea nyama, aliyamwaga akavuta tena, yakaja yaleyale. Chuoni, alikosomea Kurani, alifundishwa tangu mdogo kwamba maji yaliyobadilishwa na rangi hayafai kutawadhia. Angempa bibi ya mfereji, yale ya bomba la mji, lakini Bi Mayasa angeyatambua kwa ulimi mara moja, na angetaka kujua kisima alichochimba babu yake kimepatwa na nini. Nyumba ni yake. Angeipiga rangi marufuku siku hiyohiyo, na bila rangi jiko lisingewaka. Rangi yenyewe, ikishachanganyika na maji mengi, haikunuka wala haikuonjeka; basi bibi alipouliza, Zeyana akasema safi. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, hata akajiogopa.

Tangu hapo hofu ikahamia ndani ya nyumba. Adhana, ambayo zamani ilimtuliza, sasa alitamani ichelewe. Aliogopa kila mgeni asije akachungulia ndoo. Aliogopa hata kitambaa cheupe ambacho bibi alijifutia uso, akawa anakifua kwa siri na kukianika ndani.

Mwisho akamwendea Shahida, binti wa shangazi yake, mwalimu wa kemia anayekaa Kiembe Samaki. Shahida hakumcheka. Alimfundisha kuchoma vifuu vya nazi viwe mkaa, kuutwanga, kuuchanganya na ute wa mwani uliochemshwa, kisha kudondosha vitone vyake katika maji ya chokaa mpaka vigande viwe tembe ndogo kama mbaazi. Mkaa unaivuta rangi, alieleza, na mwani unaushika mkaa usitawanyike majini. Akamwonya pia kwamba tembe zikishashiba hazivuti tena. Kwa hiyo aanze na maji ya masufuria, ayachuje kabla hayajafika shimoni, la sivyo kisima hakitapona.

Zeyana aliyasikia yote. Lakini hofu yake haikuwa shimoni, ilikuwa ndooni. Tembe zote akazitia katika ndoo iliyotobolewa chini, akapitisha maji ya kisima, na yalipotoka meupe alilia kwa furaha. Siku hizo alijibu "safi" kwa moyo wake wote. Shimoni aliendelea kumwaga kama kawaida, maana watu wa maduka walikuwa wakiitaka mitandio yao.

Masika yakaingia, vifuu vikalowa, visichomeke. Adhuhuri moja maji yakatoka kwenye tembe yakiwa mekundu kuliko siku ya kwanza. Akayapitisha tena, yalitoka vilevile. Akasikia adhana.

"Zeyana!"

"Naam, mama."

Aliibeba ndoo haraka, maji mengine yakamwagikia kizingitini. Bi Mayasa akanusa. Akasukutua.

"Safi?"

Zeyana aliitazama mikono ya mzee iliyosimama juu ya ndoo, ikingoja ruhusa yake.

"Hapana, mama. Mekundu. Rangi yangu imeingia kisimani."

Bi Mayasa hakupandisha sauti. Aliuliza tangu lini. Zeyana akasema tangu kabla ya Ramadhani. Vidole vya bibi vikaanza kuhesabu sala za kulipa, vikafika mahali vikasita.

"Na wewe, siku zote hizo, ulikuwa ukitawadha kwa maji gani?"

Katika maswali yote aliyoyaogopa, hili halikuwahi kumpitia akilini.

"Ya mfereji," alisema Zeyana.

Bi Mayasa akairudisha mikono yake mikavu mapajani.

"Basi nenda kaniletee hayo," akasema. "Na umwite Bashira wa jirani, aje anitazamie."