Mwanga wa Kusomea

Nsajigwa wa Ikuti alikuwa na kichwa kigumu, na hilo lisifichwe eti kwa sababu sasa watu wanamwonea huruma. Mwaka 1998, wenzake wakinung'unika kwamba chama cha ushirika kimekufa na kila mtu amwone mnunuzi wake mwenyewe, yeye alitembea kifua mbele. Mwanawe Lusungu alikuwa kidato cha nne katika sekondari ya wazazi iliyojengwa pale juu, wa kwanza katika ukoo mzima kufika huko. Akifaulu Hisabati angekwenda chuo cha ufundi. Nsajigwa hakuwa na ombi lingine duniani.

Sasa kosa lake. Alipokuwa kijana, baba yake alimtoa nyumbani akajenge na vijana wa rika lake, kama Wanyakyusa walivyofanya tangu zamani. Kijana aliyeanza kuota ndevu halali nyumba moja na wazazi. Chakula anakula kwa mama, tena pamoja na wenzake, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule, lakini kulala analala kwake, na baba hakanyagi huko. Siku hizi desturi hiyo imelegea, wengi huwapa watoto chumba cha uani yakaisha. Nsajigwa alikataa kulegea. Lusungu alipotimiza miaka kumi na sita alimkatia miti, akamwonyesha mahali nyuma ya migomba, na kijana akajenga kibanda chake na rafiki yake Ezron. Tangu siku hiyo baba hakuingia mle, na alilisema jambo hilo kwa majivuno kila alipopata mtu wa kumsikiliza.

"Mwanamume mwenzako humchungulii," alisema.

Ezron alikuwa na mjomba mfanyabiashara. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, na vitu ambavyo zamani alikuwa navyo mkuu wa wilaya peke yake sasa viliuzwa sokoni Tukuyu, vingine vimeshatumika huko vilikotoka. Mjomba huyo ndiye aliyewapa vijana televisheni ndogo yenye deki ya video tumboni, inayotumia betri ya gari. Nsajigwa hakuambiwa habari ya televisheni. Aliambiwa vijana wamepata betri ya kuwashia taa ya kusomea, maana koroboi inaumiza macho. Alifurahi mpaka akawa anacheka peke yake shambani.

Na betri ilipoisha, nani aliipeleka kuchajiwa? Yeye! Kila Jumamosi alipanda gari la ndizi kwenda Tukuyu, betri katikati ya miguu, suruali yake ikitobolewa na asidi. Alimpelekea Athuman wa Bulyaga, aliyekuwa na jenereta, na pembeni alikuwa akiazimisha kanda za video. Jioni Athuman alimrudishia betri pamoja na furushi lililofungwa kwa gazeti na kamba.

"Na hizi za kijana, mzee wangu. Mwambie Jumamosi ijayo anirudishie."

"Ndaga, asante mwanangu. Mungu akubariki."

Nsajigwa alilipapasa furushi, akahisi pembe zake, akajua ni vitabu. Hakulifungua, kwa kuwa halikuwa lake. Mvua ya Rungwe ikinyesha, alilitia ndani ya koti akaacha kichwa chake kilowe. Kwenye kituo cha kupimia majani ya chai aliwaambia wenzake kwamba kijana wake anamaliza furushi zima la vitabu kwa wiki moja. Hata wale waliomchoka walitikisa kichwa kwa heshima.

Lusungu alikonda. Macho yakawa mekundu. Aliacha mpira, akaacha kwenda kula na wenzake. Sahani alipelekewa mlangoni na mara nyingine ilikutwa hapohapo asubuhi, imejaa sisimizi. Ukimsemesha alijibu baada ya muda, tena kwa ukali, kana kwamba umemkatiza katika mazungumzo na mtu mwingine. Kichwa kilimuuma kila siku.

"Baba Lusungu, mtoto huyu si mzima," mkewe Winfrida alisema. "Nenda ukamwone."

"Kusoma kunachosha. Wewe hukusoma, utajuaje?"

Hata yeye hakusoma. Winfrida alinyamaza, na mpaka leo anajilaumu kwa kunyamaza kule.

Asubuhi moja ya Novemba Mwalimu Emmanuel alifika kwa pikipiki, hata injini hakuizima. Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne ulikuwa umeanza asubuhi hiyohiyo.

"Mzee, Lusungu yuko wapi? Mlango wa chumba cha mtihani wanaufunga baada ya dakika ishirini. Nikimpakia sasa hivi anawahi."

Nsajigwa alimwacha mwalimu uani juu ya pikipiki inayonguruma, akapita migombani mbio, Winfrida nyuma yake. Mlangoni alisita. Kisha, kwa mara ya kwanza, aliusukuma.

Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia. Vijana watano walikaa chini wamejazana, hawajalala tangu jana, na mbele yao wazungu wadogowadogo walikuwa wakipigana kwenye kioo. Sakafuni kulikuwa na magazeti aliyoyajua na kamba alizozijua, na kanda nyeusi za wiki hiyo zimepangwa ukutani kama matofali. Kumbe alikuwa amezibeba yeye mwenyewe, moja moja, ndani ya koti lake.

"Lusungu. Mtihani je?"

Kijana aligeuka, akamtazama, akarudi kwenye kioo.

"Si kesho, baba? Funga mlango, mwanga unaingia."

Hakusema kwa jeuri. Hiyo ndiyo iliyomkata Nsajigwa maini. Mtoto hakuwa anajua ni siku gani.

Angemkamata mkono. Angepiga kelele mwalimu aje. Dakika zilikuwepo! Lakini alimwona Mwalimu Emmanuel akiinama mle ndani, akiona yale magazeti, akiuliza nani alikuwa akileta kanda hizi. Aliwaona watu wa kituo cha chai, wote aliowatambia, wakishika mbavu kwa kicheko. Aliufunga mlango taratibu, akarudi uani.

"Ametoka zamani, mwalimu. Hayumo. Labda mmepishana njiani."

Mwalimu alimshukuru, akageuza pikipiki, akaondoka kasi kwenda kumtafuta huko barabarani. Winfrida, aliyekuwa amesimama migombani, alikuwa ameyasikia mazungumzo ya kibandani. Migomba haizuii sauti. Alimtazama mumewe, naye Nsajigwa akachukua jembe ambalo hakuwa na kazi nalo, akalishika tu.

Saa nane mchana Lusungu alikuja jikoni, amefinya macho kwa jua. Alikula vizuri siku hiyo, viazi na maharage, akaomba aongezwe. Baba yake alikuwa amekaa kizingitini, na alisikia kila kitu.

"Mama," kijana alisema akinawa mikono, "kesho uniamshe mapema. Nina mtihani."