Mabehewa Niliyoyafuta kwa Waragi

Tangu niolewe na Mkristo wa Ajia, Baba, Mwislamu wa swala tano, alikuwa ananipokea barazani tu. Nikifika kwake Koboko naletewa kiti cha plastiki, chai, na salamu za heshima kana kwamba nimekuja kukusanya kodi, na mlango wa sebule unarudishwa. Miaka sita hivyo. Iliniuma, sifichi. Nilitaka kuingia nyumbani kwetu, basi.

Kwa hiyo nilipoyaona yale mabehewa ya treni ya mchezo sokoni Arua, katikati ya midoli ya mitumba, niliyabeba yote manne. Yalikuwa ya plastiki, rangi ya udongo, kila moja refu kama kiganja. Baba alikuwa karani wa mizigo kwenye reli ya Pakwach ujana wake wote. Kazi yake ilikuwa kupita ubavuni mwa treni na chaki, akiandika kila behewa linakwenda wapi.

Nikampelekea moja. Akaligeuza, akaona herufi nyeupe za kampuni ya Ulaya zilizopigwa kiwandani, akanirudishia. "Hii iko ya watu," akasema. "Mimi nitaandika wapi?"

Haya! Nilifurahi, maana aliyeuliza hivyo alitaka kuandika.

Nikarudi kwangu Arua kuzifuta herufi zile. Sabuni haikuzigusa. Dawa ya kutolea rangi ya kucha ilianza kula plastiki yenyewe, nikatukana peke yangu jikoni. Mama mkwe wangu hupika waragi, pombe kali ya muhogo, na kuweka madumu yake stoo kwetu. Akanicheka, akanimiminia kikombe. Ikakubali! Unalowanisha pamba, unailaza juu ya herufi, unahesabu mpaka mia, kisha unasugua polepole kwa kijiti. Ukikazana, rangi ya chini inatoka nayo. Kazi hiyo ilinichukua siku tatu. Niliwaza kwamba kilichoharamishwa ni kunywa, na mimi simnyweshi mtu. Nikayasuuza, nikayanusa, nikaona safi, nikayapeleka Koboko yote manne.

Baba alilipokea la kwanza kwa mikono miwili, akalisogeza karibu na macho. Akatabasamu. Halafu pua yake ikakunjana.

"Astaghfirullah! Umeleta pombe kwangu?"

"Nilifutia tu, Baba. Nimesuuza. Hainuki."

"Hainuki?" Akanisogezea behewa. "Nusa."

Nikanusa. Naapa, nilisikia harufu ya plastiki tu, na nikamwambia hivyo. Nilitegemea anifokee, lakini hasira ilimwisha ghafla, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Wewe husikii tena," akasema.

Madumu yale yalikaa nyuma ya ukuta wa chumba changu miaka yote hiyo, na pua yangu ilikuwa imeshayazoea kama inavyozoea moshi wa jikoni. Nilijiona mgeni kweli, na kwa mara ya kwanza niliona ile baraza ndiyo saizi yangu.

Baba aliagiza beseni na sabuni. Akakaa kwenye ngazi, mzee wa watu na magoti yake mabovu, akayaosha mwenyewe moja moja, mpaka chini kwenye magurudumu. Nikataka kumsaidia, akanikataza kwa kiwiko. Alipomaliza aliyapanga kwenye ukuta juani. Nikachukua mkoba wangu.

"Unaenda wapi?"

"Narudi Arua, Baba."

"Na mikono yako je? Hiyo haikushika pombe?" Akalisukuma beseni kwa mguu mpaka likanifikia. "Nawa. Chakula iko ndani."

Nilinawa mara mbili. Kisha nikavua viatu mlangoni.