Kafi Tuliloliacha Ukingoni

Mwanangu, asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote ni ile niliyomwambia mdogo wangu Dubow, "Acha kafi ukingoni." Wengine hukosea ujanani. Mimi nilikuwa tayari na mvi.

Dubow alivua kambare mtoni hapa Balambala, kwa mtumbwi wa gogo aliochonga babu yetu. Injini ya petroli hatukuiweza, nikamshauri tutumie umeme. Mimi ndiye niliyefika kidato cha nne, kwa hiyo hakubisha. Fundi wa Garissa mjini alitutengenezea mota kwa feni ya gari. Betri nyepesi ilitushinda bei, tukachukua kuukuu ya sola kutoka kambi ya Dagahaley, nzito kama mbuzi wawili. Mtumbwi ukadidimia, maji yakakaribia mdomo wake.

Dubow alitaka kupunguza nyavu. Nikakataa, nikatoa upondo na kafi ili kupunguza uzito.

Mama alikuwa amesimama pale na mtungi wake. "Sasa atabishaje hodi?"

Maana wavuvi wetu, kabla ya kila kona ya mto, hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi ili viboko wasikie na wasogee. Mota yetu haikuwa na kelele, na ukimya huo ndio niliojivunia.

"Hooyo," nikamjibu nikicheka, "kiboko naye anangoja salaam aleikum?"

"Anangoja kusikia mtu. Wewe umesoma, lakini hujavua hata siku moja."

Dubow akanitazama. "Abowe, niache kweli?" Ndivyo alivyoniita, kaka mkubwa.

"Mwanamume ana mota, bado analilia kipande cha mti?"

Akaona haya mbele ya watu waliokuja kuteka maji. Akaliacha.

Kwenye kona ya pili kiboko aliibuka chini ya mtumbwi, akaupindua. Wanyweshaji ngamia walimtoa Dubow majini akiwa hai.

Mwanangu, sikukatazi umeme. Funga mota mtumbwini, na betri ikiwa nzito, punguza nyavu, urudi na samaki wachache. Usitoe kile wavuvi wanachojilindia, na kabla hujabadilisha chombo, muulize anayekipanda, kisha umngoje amalize kujibu. Mungu akuvushe salama, akupe moyo wa kumsikia mama yako anaposema.

Mimi sikusikia. Dubow alikatwa mguu wa kulia, ule ulioumwa na kiboko. Kila Ijumaa nabisha hodi mlangoni kwake, namsikia akikohoa ndani, na hajaniitikia hata mara moja.